Si Wewe Uliyeangusha Shimo

Zawadi, mwanangu,

Salamu kutoka kwa mtu unayekaa naye nyumba moja. Ni kichekesho, baba kumwandikia mtoto aliye nyuma ya ukuta wa udongo, akikohoa unamsikia. Lakini leo jioni nilikuja mlangoni kwako, ulikuwa unakunja nguo, nikakuuliza kama sanduku hilo ni la mwanafunzi ao la waziri. Ukasema, "Ndiyo, baba." Nikarudi nikasema pikipiki ya kesho itafika Kasongo imeinama upande mmoja kwa uzito wa madaftari. "Ndiyo, baba." Nikarudi tena, na safari hiyo nikaangalia paa kama fundi aliyeitwa kupima kazi, kisha nikaondoka. Basi naandika.

Mambo ya sabuni na unga na kutotembea ovyo mama yako amekwisha kuyasema, ameyasema mpaka kuku wa nyumba hii wanayajua. Mimi nina neno moja, na nitaliweka hapa juu kabla sijaanza kuchekesha, maana najijua, nikianza kuchekesha sitafika. Shimo letu la dhahabu halikuanguka kwa sababu yako. Mguu wa Tosha, mchimbaji wangu, haukuvunjwa na wewe, wala na mwili wako, wala na siku zako. Ulivunjwa na mimi. Nilijua siku ileile, nikanyamaza, na wewe umebeba jambo hilo tangu hapo.

Sasa vuta pumzi, nami nivute yangu, nikueleze vizuri.

Wewe unanijua, mimi ni mtu aliyetembea. Nimelala Kalemie, nimelala Uvira, Bujumbura nimekula samaki ambaye alikuwa bado hajaambiwa kwamba amekufa. Shule nilifika darasa la tano la primeri nikatoka, nisiendelee kuwasumbua walimu, na bado hapa Salamabila wenye diploma wananiita PDG, kwani ndivyo anavyoitwa mkubwa wa shimo, hata kama kiti chake ni bidoni iliyopinduliwa. Nimeshawahi kumchekesha askari wa kizuizi mpaka akasahau alichokuwa anataka kwangu. Nasema haya si kwa kujisifu, ingawa najisifu. Nasema ili ujue kwamba mtu mwenye maneno mengi namna hii alikosa neno moja la kumwambia mtoto wake.

Wenye mashimo kila mmoja ana dawa yake. Kuna anayemwaga pombe ya ndizi mahali pa kuchimba, kuna anayechinja jogoo, kuna anayefunga na kuomba. Mimi nilikuwa na mguu wako. Ulipoanza tu kutembea nilikubeba mpaka mahali papya, nikakushusha, nikasema kanyaga, na pale ulipokanyaga nikawaambia vijana, chimbeni hapa. Shimo la kwanza likatoa. La pili likatoa. Nikatangaza kote kwamba wengine wana ramani, mimi nina binti. Watu walikuja kuniomba niwaazime mguu wako nami nikawajibu kwamba mguu huu hauazimwi, una baba yake. Ukakua ukijua kwamba nyumba hii inakula kwa sababu yako. Nilidhani ni jambo kubwa kumwambia mtoto wewe ndiye bahati yetu. Upande wa pili sikuuona. Mtoto aliyeambiwa kwamba dhahabu inafuata mguu wake, siku dhahabu ikikataa kuja, atalaumu nini kama si mguu wake?

Halafu ukawa unakomaa. Mambo haya ni ya mama na shangazi, baba hayaandiki, na hapa masikio yananiwaka kama niliyechapwa. Lakini aibu ya kuyaandika ni ndogo kuliko ile niliyokwisha kukufanyia. Sheria ya mashimo unaijua. Mwanamke aliye katika siku zake hasogei, wamama wanaotwanga mawe wanakaa kule chini kwenye kijito, na wanaume wanasema akipita mmoja tu dhahabu inakimbia. Mimi mwenyewe niliihubiri sheria hiyo kama niliyeitunga. Mama yako alijua umeanza. Alikwambia siku hizo usilete chakula shimoni, na wewe ulishika neno lake, hukukosea hata siku moja, ameniapia. Mimi hakuniambia. Kwani ningefanya nini na habari hiyo? Ningeitangaza.

Miezi ile shimo lilikuwa halitoi. Tulikuwa tunapandisha matope na maji, na watu wakikosa dhahabu wanaanza kutafuta mwenye kosa. Mzee Sadi, yule msomaji wetu wa ishara, alikuwa anaguna kila akikuona. Siku ile ulikuja na bugali na mboga ya sombe, sahani kubwa kichwani, wachimbaji wote wamekaa kivulini. Mzee Sadi akasema bila kukutazama:

"PDG, huyu binti iko anakomaa. Sheria ya shimo unaijua."

Mtu mwenye akili angemjibu, mzee, kula. Mimi niliona watu wote wamenyamaza wananitazama, na watu wakinyamaza wakinitazama siwezi, lazima nitoe kitu. Nikakugeukia na sahani ikiwa bado kichwani mwako.

"Zawadi, ebu waambie hawa. Wewe ungali mutoto wangu, ao umekwisha kuwa mama mukubwa wa kutufukuzia dhahabu?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji ya kunawa. Wewe ulishusha sahani taratibu, ukaweka chumvi pembeni, ukafunika na kitambaa, ukaondoka. Hukukimbia. Mimi nilikula. Nakumbuka kwamba nilikula vizuri.

Wiki ileile shimo likaanguka, na Tosha yuko chini. Tulichimba kwa mikono, tukamtoa akiwa anapumua, lakini mguu ulikuwa umebanwa chini ya jiwe na ulipotoka haukuwa tena na sura ya mguu. Tukiwa tumesimama pale juu ya udongo mbichi, Mzee Sadi akasema, "Tulisema." Akanitazama. Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia kwa kichwa tu, na kila mtu akaelewa ni nani anayesemwa.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakijua wakati kichwa hicho kinainama. Shimo linashikwa na miti, Zawadi. Unaweka mti huku na mti huku, unalaza mwingine juu, na kila ukishuka kidogo unaweka tena. Miti ile nilikuwa nimeipunguza. Dhahabu ilikuwa haitoki, wakata miti walikuwa wananidai malipo yao, nikawaambia vijana waweke mmoja waruke mmoja. Tosha ndiye aliyekataa. Alipanda juu, amejaa matope mpaka kope, akaniambia, "PDG, hapa chini udongo iko unalia. Tuongeze miti." Nikamjibu mbele ya wote kwamba shimo linashikwa na moyo wa mwanaume, asiye na moyo aende akatwange mawe na wamama. Wakacheka. Akashuka tena. Mtu alishuka kwenda kuvunjika mguu kwa sababu nilikuwa nimepata kichekesho kizuri.

Kwa hiyo Mzee Sadi aliposema tulisema, mimi nilisikia mlango umefunguliwa nikapita. Ilikuwa rahisi. Kama kosa ni la binti, basi si la miti.

Na kisha ule utakaso wa aibu, unajua ninaousema. Mzee Sadi akataka shimo lisafishwe. Ukaletwa, ukapitishwa pembeni ya mdomo wa shimo, na wanaume wote wakakupa mgongo ili nuksi iondoke na wewe. Mimi nilikuwa katika mstari ule. Nilikupa mgongo pamoja nao. Nimejaribu kukumbuka uso wako ulikuwaje siku ile na siwezi, maana sikuuona, nilikuwa natazama msitu.

Baada ya hapo ukaanza kuumwa tumbo asubuhi. Ukawa unakula kama ndege, unaoga mara nyingi mpaka mama yako akaficha sabuni. Uliyekuwa wa mbele darasani ukateremka, nami nikawaambia wageni hapa barazani kwamba damu ni damu, shule ilimshinda baba, sasa inamshinda binti. Ulikuwa unapita na chai. Nikasema ni malaria, ukachomwa sindano. Nikasema ni minyoo. Nikakupeleka kwa maalimu akakuandikia kombe, ukanywa wino ule mpaka ukasaga meno. Tumbo lako lilinyweshwa kila kitu isipokuwa ukweli, na ukweli nilikuwa nao mimi mfukoni, unatembea na mimi kila siku, unakula na mimi.

Usidhani nilikuwa sina namna ya kuelewa. Nilipokuwa na umri ule, kwetu Lusangi, sauti yangu ilivunjika vibaya, ikawa inapanda na kushuka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kamba. Marehemu baba yangu aliniita mbele ya wageni nisalimie, ili wacheke. Nikajifunza kuchekesha watu kabla hawajanicheka, na tangu hapo sijaacha. Watu wanafikiri hii ni tabia ya furaha. Ni ngao, na nilipokuwa mkubwa nikaanza kuwapiga nayo wengine. Aliyeniokoa wakati ule ni shangazi yako Sifa. Hakuniambia kitu. Alikuwa tu ananiita twende shamba la mpunga kufukuza ndege, na huko nikizungumza anasikiliza, nikinyamaza ananyamaza, sauti ikipanda kama mbuzi hageuki. Ndiyo maana nakupeleka kwake na si kwingine. Nimekwambia kwamba ni kwa sababu ya shule nzuri za Kasongo. Shule ni nzuri, ndiyo. Lakini nakupeleka kwa yule aliyefukuza ndege na mimi.

Sasa jambo la wiki hii, maana bila hilo ningekuacha uende hivyohivyo, najijua.

Nilikwenda kwa Tosha kujisifu. Nilitaka kumwambia kwamba binti wa PDG anakwenda kusoma Kasongo. Sijakanyaga kwake tangu alipoanza kutembea na fimbo, nilikuwa namtumia salamu. Nikakuta bidoni za maji zimejaa zimepangwa mlangoni, nikamtania mke wake, Mama Furaha, kwamba siku hizi ana mtumishi. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani shambani kwake.

"Ni mutoto wako anayachota," akasema. "Anakujaka kila siku ya soko tangu mwaka ule wa shimo. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani unakwenda sokoni.

"Mwanzo nilimukataza," akaendelea. "Nikamwambia, binti, nina mikono. Anachota tu. Basi nikamwambia ukimaliza kuchota kaa, nikusuke. Akaanza kukaa. Siku ya kwanza alilia kichwa kikiwa magotini pangu, nikaendelea kusuka. Sikumuuliza. Kisha siku moja akaniuliza yeye: mama, mguu ukipona kabisa, dhambi ya aliyeuvunja inaondoka? Nikamwambia uliza walimu wa dini, mimi najua nywele. Lakini tangu hapo nikaelewa anachotea nini."

Zawadi, nilikaa chini pale pale, juu ya mojawapo ya bidoni zako.

Tosha alikuwa ndani, akatoka na fimbo yake. Nikamwambia yote, miti, na kile kichwa nilichokiinamisha. Nilifikiri atanipiga na nilikuwa nimeshajiandaa kupigwa. Alicheka kidogo, si kicheko cha kufurahi.

"PDG, unanipasha habari gani? Mimi ndiye niliyekuwa nairuka ile miti. Vijana wote walijua. Mzee Sadi alijua kuliko wote."

"Na mukanyamaza?"

"Wewe ndiye ulikuwa unatupa chakula. Na tulifikiri mutoto umemueleza nyumbani, kwamba ni maneno tu ya shimoni. Nani anaacha mutoto wake aamini kitu kama kile?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanaume wazima wote walijua, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kunyamaza. Katika Salamabila nzima aliyeamini uongo ule ni mtoto mmoja, na ndiye aliyekuwa anachota maji.

Nikarudi nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele wa safari yako. Hakuinua macho. Akasema, "Usiniambie mimi. Mwenyewe iko kule ndani." Tangu siku hiyo ananipa chakula na hanipi neno, na ana haki.

Jana nimesimama shimoni nikawaambia vijana kwa mdomo wangu, bila kichekesho, kwamba shimo lile liliangushwa na miti niliyoipunguza na kwamba nilimsingizia mtoto. Nilitegemea kitu kikubwa kitokee. Hakikutokea. Mmoja alijikuna. Mzee Sadi alitafuna mhogo wake mpaka akaumaliza, akasema, "Sasa umesema, leta miti." Nimeagiza miti. Na nimemwambia kwamba chakula cha shimoni kitaletwa na yeyote atakayetaka, wa siku zozote, na asiyependa akale kwa mke wake. Aliguna. Ataguna mpaka afe, kuguna ni kazi yake.

Mashauri ya maisha sina haki ya kukupa, na ukiyapata kwangu yachunguze kwanza kama unavyochunguza noti kuukuu. Nina hili tu. Tumbo likikuuma asubuhi huko Kasongo, usianze kujiuliza umekosea nini. Kuna wakati ni mwili unakua, una kelele zake. Kuna wakati ni neno la mtu mwingine limekaa ndani yako halina pa kutokea. Mwambie shangazi yako, ao usimwambie, kaa naye tu. Sikumwandikia habari hizi. Ni zako, utazitoa ukitaka na kwa unayemtaka. Na kama utapata rafiki, mpime kwa jambo moja: akiwa na watu wengi anakutendea kama mnapokuwa wawili? Mimi nikiwa na wewe peke yako nilikuwa baba mzuri kidogo. Watu wakija nilikuwa nakuuza kwa kicheko.

Na ujue pia kwamba ulifanya jambo ambalo mimi sikuliweza. Ulidhani umemvunja mtu, ukaenda kwake. Ulikuwa mdogo, unaogopa, huna mtu wa kumuuliza, na ukaenda. Mimi niliyemvunja kweli nilikuwa napita barabara ya nyuma. Ulikwenda kulipa deni lisilo lako, na pale ukapata mtu wa kukushika kichwa. Naona fahari, halafu naona sina haki ya kuiona, halafu naiona tena.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Si kwamba siutaki, nautaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Lakini nikiuomba utasema "Ndiyo, baba," na neno hilo nimelikula vya kutosha. Kaa na jambo hili. Kasirika kama kuna hasira, hata mwaka mzima. Ukitaka kunitukana kwa simu piga nitapokea, na sitatafuta jibu la kuchekesha.

Kesho pikipiki haitaanzia hapa. Nimepatana na dereva apitie kwa Tosha kwanza. Mama Furaha amesema nywele za safari ni zake yeye, usithubutu kwenda Kasongo na kichwa hicho, na Tosha ana neno la kukwambia mwenyewe, mguu ni wake. Mama yako atakusindikiza mpaka pale. Mimi nitabaki nyumbani. Nilikuwa nimepanga kuja, nilikuwa hata nimetayarisha hotuba, ina vichekesho vizuri sana, ile ya sanduku na waziri ilikuwa mwanzo wake tu. Lakini nikija watu watanitazama mimi. Nami nataka kesho, Tosha atakapokwambia kwamba si wewe, kila mtu aliye pale awe anakutazama wewe, uso kwa uso.

Baba yako